Siku Niliyompakia Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuja London mara moja tu maishani mwake, na alikuja kwa jambo moja: kuamua kama binti yake aendelee kukaa na mimi au arudi naye Unguja. Hakulitamka hivyo alipofika. Alisema amekuja kututazama, akafungua begi akatoa achari ya maembe, kahawa, na vileja vilivyovunjikavunjika njiani, akauliza kama maji ya bombani yananyweka. Lakini mimi nilijua. Mke wangu alijua. Na Wazanzibari wenzetu wa mtaani kwetu, Rayners Lane, walijua pia, maana walikuja kumwamkia, wakanywa chai, na wakati wa kuondoka walinipa mkono huku wakitazama zulia.

Ilikuwa miaka ya tisini, karibu na mwisho wake. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika hospitali moja, na mke wangu alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, zamu za usiku. Hatukujaaliwa mtoto. Jumatatu mpaka Ijumaa tulipishana mlangoni, huyu anaingia, yule anatoka, na siku za mapumziko, ambazo ndizo tungekaa pamoja, mimi sikuwepo. Nilikuwa barabarani.

Watu wakisikia kwamba ndoa ilitikiswa na pikipiki hucheka. Wanangoja niseme palikuwa na mwanamke. Hapakuwa. Palikuwa na pikipiki nyeusi ya injini kubwa niliyoinunua kwa Mwingereza mmoja wa kazini, na palikuwa na Skotlandi, ambako huyo Mwingereza alinipeleka mara ya kwanza na sikuweza tena kuacha kurudi. Niliondoka Ijumaa baada ya kazi, nikarudi Jumapili magoti yamekufa ganzi, na Jumatatu nikawa napanga maboksi ya glovu rafuni huku mwili bado unazisikia kona.

Sijui kama naweza kumweleza mtu asiyeendesha. Kule kaskazini, ukishaiacha barabara kuu, njia inabaki upana wa gari moja tu, na kila baada ya kipande pametanuliwa kidogo ili watu wapishane. Huku mlima, huku ziwa, na mbele yako kondoo ameketi katikati ya lami anakutazama kama mwenye nyumba. Unakutana na mwenye pikipiki mwingine, humjui, anakuinamishia kichwa, nawe unamwinamishia, basi, mmeshasalimiana. London niliulizwa kila siku natoka wapi. Nikiwa ndani ya helmeti hakuna aliyeuliza. Nilikuwa mtu wa pikipiki tu, na jambo hilo lilinilevya.

Mke wangu hakunipigia kelele hata siku moja. Alikwenda harusini peke yake na matangani peke yake, na alipoulizwa, "Mwenzio yuko wapi?" alijibu, "Yuko kwa mke mkubwa." Wanawake wakacheka. Habari iliponifikia, nami nikacheka. Mara moja tu aliniambia mwenyewe, tukiwa mlangoni, koti lake la kazi mkononi: "Nimechoka kuolewa Jumatatu mpaka Ijumaa." Nikamwambia wiki hiyo sitakwenda. Ijumaa ilipofika hali ya hewa ikawa nzuri, nikaenda.

Basi akampigia simu babake. Kwetu mwanamke mwenye malalamiko hapayuki. Humwambia walii wake, baba au kaka, na walii huja kusema na mume, mwanamume kwa mwanamume, kwa sauti ya chini. Desturi hiyo imeokoa nyumba nyingi na siitii doa. Mimi ndiye niliyeichukua sivyo. Niliona kwamba kesi iko kwa mzee, na nikimpata mzee nimempata na binti.

Siku zake za mwanzo kwetu alitazama tu. Jumamosi nilibaki nyumbani, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, kama mwanafunzi siku ya mkaguzi. Akanikuta sebuleni.

"Kumbe wikiendi unakaa nyumbani?"

"Nakaa, Baba."

"Alhamdulillahi," akasema, akaenda zake jikoni kumwuliza binti yake viko wapi vikombe. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa pale Darajani, amekaa miaka nyuma ya kaunta akiwasikiliza watu wakimdanganya juu ya nguo walizoziona rahisi zaidi duka la pili. Uso wake haukuwa na dirisha la kuchungulia.

Alikuwa na sahibu yake Glasgow, mtu wa Pemba waliyesoma naye, aliyeondoka zama zile za watu kuondoka akaishia huko. Walikuwa hawajaonana tangu ujana. Nikajitolea kumpeleka. Kwa vile mwili wake hauwezi safari yote ile kwa pikipiki, nikamkatia tiketi ya basi. Mimi, nikasema, nitatangulia na pikipiki, itatufaa kwa kuzungukia mjini. Huo ulikuwa uongo, na mke wangu aliyekuwa anakunja nguo za babake hakuhitaji kuambiwa.

"Baba apande basi, wewe upande pikipiki," akasema. "Hata kesi yako unaihudhuria kwa pikipiki."

Nilikwenda hivyo hivyo.

Asubuhi ya pili kule Glasgow niliwakuta wazee wawili wamesimama dirishani na vikombe vyao, wanaitazama pikipiki yangu niliyoiegesha chini. Usiku walikuwa wamecheka mpaka sauti zimewakauka, na walikuwa bado hawajamaliza.

"Ndiyo yenyewe?" akauliza baba mkwe.

"Ndiyo, Baba."

"Vespa naijua. Hili ni fahali."

"Usilisogelee," sahibu yake akasema, "litakupiga teke ukose hata nauli ya kurudia."

"Lina nafasi ya mtu wa pili?"

"Ipo, Baba, lakini baridi ya huku..."

"Binti yangu ameshapanda?"

"Mara moja."

"Akasemaje?"

Ningeweza kusema chochote. Sijui kwa nini nilisema kweli. "Alisema haoni kitu ila mgongo wangu."

Mzee akanywa kahawa yake mpaka machicha. "Basi nipakie," akasema, "nami nikauone huo mgongo."

"Mzee mzima!" sahibu yake akapiga kofi paja. "Ukianguka huko milimani, sanda ya urefu wako Glasgow haipatikani."

"Utanizika na mashuka yako. Hayo uliyonilazia jana yameshakaribia kuwa sanda."

Tukamvika. Alikataa kuvua kofia yake ya kiua, na helmeti ikakataa kuingia juu ya kofia, wakabishana hivyo, yeye na helmeti, mpaka mwishowe akaivua kofia mwenyewe, akaikunja, akaitia mfuko wa kifuani. Sahibu yake alimwazima koti zito la mvua na soksi za sufi. Akapanda kwa kushika bega langu, na mara alipokaa akaliachia.

Hapo ndipo shida ilipoanza, na ni shida ambayo mwalimu wa pikipiki wa Kiingereza asingeielewa. Mkwe hapewi mgongo. Tangu nimwoe binti yake, sikuwahi kutoka chumbani alimo ila kwa kurudi kinyumenyume hatua mbili tatu kwanza. Sasa itanibidi nimpe mgongo siku nzima. Na yeye naye, mkwe mtu hawezi kumkumbatia mkwewe kiuno kama mtoto. Akaweka mikono juu ya magoti yake, kama mtu aliyekaa barazani, na barabara inapita chini.

"Baba," nikamwambia kwenye taa nyekundu ya kwanza, "ukipenda, unaweza kunishika."

"Niko sawa."

"Au hicho chuma cha nyuma yako."

"Niko sawa, bwana. Endesha."

Nikaendesha. Tulitoka mjini, tukafika Aberfoyle, na pale njia inaanza kuupanda mlima kwa kona zinazofuatana, hujamaliza hii umeshaingia ile. Kwenye kona pikipiki hulala, na aliye nyuma hana budi alale nayo. Mzee hakulala. Kila nilipoinama kulia, yeye alisimama wima kama mnara, na uzito wake wote ukaisukuma pikipiki itoke nje ya njia yake. Mara mbili tulikwenda mpaka ukingoni mwa majani. Ingekuwa mtu mwingine ningesimama nikamgombeza. Nilisimama, nikazima injini, nikashuka, nikavua helmeti, nikakunja mikono tumboni.

"Baba, samahani sana. Pikipiki ikilala upande, kama si tabu, nawe ulale kidogo."

"Nilale wapi?"

"Upande huo huo inakolalia."

"Yaani chombo kinaanguka, na mimi nikisaidie kuanguka?"

"Hakianguki, Baba. Kinaonekana tu kama kinaanguka."

Alinitazama kutoka ndani ya ile helmeti, macho tu na kipande cha pua. "Haya," akasema. "Lakini nikifa, wewe ndiye utakayempigia simu mama mkwe wako." Na huyo, kusema kweli, ndiye niliyekuwa namwogopa zaidi.

Akajaribu. Kwanza alilala akiwa amechelewa, kona imekwisha. Halafu mapema mno. Baada ya Callander njia ikanyooka kidogo, ikawa kama inatupa nafasi ya kupumua, na ilipoanza kupinda tena kando ya ziwa, tukapita juu ya mabomba ya chuma yaliyolazwa barabarani kuzuia kondoo. Yalikuwa yameloa. Tairi la nyuma likateleza, kidogo tu, kama mguu unapoteleza msalani, likashika tena. Nikasikia mikono miwili ikinikaba kiunoni. Nikasubiri iondoke. Haikuondoka. Na kona iliyofuata, tulilala pamoja.

Sijawahi kusikia kitu kama kile, kabla wala baada. Pikipiki ikawa nyepesi. Mtu aliyekuja kunihukumu na mimi ninayehukumiwa tukawa uzito mmoja, tunakwenda huku, tunakwenda kule, hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Nikasikia sauti nyuma yangu, nikadhani ananiita. Nikapunguza mwendo. Alikuwa anacheka.

Adhuhuri ilitukuta kando ya ziwa jingine. Tukatawadha kwa maji ambayo yangeweza kukata vidole, nikaitafuta kibla kwa jua lililokuwa likijitokeza na kujificha, akanisalisha juu ya koti la mvua lililotandikwa kwenye kokoto. Tulikuwa tumesujudu gari la shamba liliposimama barabarani. Lilingoja. Tulipotoa salamu, mzee wa Kiskoti akashusha kioo akauliza kama tumeharibikiwa, maana aliona watu chini na pikipiki pembeni.

Baba mkwe akamjibu kwa Kiingereza chake cha skuli, kila neno limesimama peke yake: hatukuharibikiwa, bwana, ahsante, tulikuwa tunasali tu.

"Basi mwambieni Mungu juu ya mvua hii ya huku," yule mzee akasema, akaondoka.

Nilipomtafsiria, baba mkwe alicheka tena, ingawa nadhani alishaelewa. Tulikula vibanzi vya viazi Killin, karibu na pale mto unapoporomoka juu ya majabali katikati ya kijiji. Aliniuliza mambo mengi. Injini hupozwa na nini. Ng'ombe wale wenye nywele machoni wanaonaje njia. Huwa nalala wapi nikija peke yangu. Nikamjibu yote kwa furaha, nikamweleza barabara nizijuazo moja moja, kama mtu anayewataja watoto wake. Moyoni nilikuwa nimeshashinda. Nilijiambia, akishauona mlima wa mwisho, yamekwisha.

Nikampeleka juu. Kutoka ziwa lililo nje ya Killin kuna njia nyembamba inayopanda mlima kwenda bonde la Glen Lyon, na huko juu kuna bwawa kubwa lililojengewa ukuta, na hapana nyumba. Ilikuwa mwezi wa nane, vichaka vifupi vya milimani vilikuwa vimetoa maua ya zambarau, mlima mzima umetandikwa. Mawingu yalikuwa chini yetu upande mmoja, na upande wa pili jua limeangukia kipande kimoja tu cha bonde, kipande hicho kinawaka na kwingine kote ni kivuli. Nikazima injini.

Baba mkwe akavua helmeti, akatoa kofia mfukoni, akaikunjua, akaivaa. Akakaa juu ya jiwe. Mimi nikasimama, kwa kuwa hakuniambia nikae.

"Pazuri hapa," akasema.

"Pazuri, Baba."

"Nilipokuwa nakuja nilijua ni mwanamke. Hiyo pikipiki nikasema ni kisingizio tu, umeficha jambo nyuma yake. Angekuwa mwanamke, dawa yake naijua. Ningekukaripia, ungeona haya, ungetubu, yangekwisha."

"Hapana mwanamke, Baba. Wallahi."

"Najua. Ndiyo tabu yake." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Tangu tutoke asubuhi, umenisikia nimemtaja binti yangu?"

Nikafikiri. "La, Baba."

"Sikumtaja kwa sababu sikumkumbuka. Nimeacha duka, nimepanda ndege, mtu mwenye presha, kwa ajili yake. Na tangu ule mlima wa kwanza hajanipitia kichwani. Mimi babake. Siku moja tu hii." Akaivaa miwani tena. "Sasa wewe, miaka yote."

Upepo ulikuwa unavuma juu ya maji ya bwawa, na kondoo mmoja alikuwa akikohoa mahali, wanakohoa kama watu.

"Sikulaumu," akasema. "Ningekuwa na umri wako, hata mimi nisingerudi nyumbani. Kwa hiyo atarudi na mimi."

"Baba, naweza kuiuza."

"Utaiuza. Naamini utaiuza. Halafu kila Jumamosi utamtazama binti yangu kama mtu aliyekuibia."

Hakusema kwa ukali. Kama angesema kwa ukali ningepata pa kushika. Nilitamani kumwambia kwamba amekosea, lakini nilimtafuta huyo mtu ambaye angekaa nyumbani Jumamosi na Jumapili na asinung'unike, nikamtafuta ndani yangu kwa dhati, na sikumwona. Mimi ndiye niliyemleta mzee pale. Nilichukua kitu nilichokipenda kuliko vyote nikamwonyesha chote, nikidhani kitanitetea.

"Nimekuelewa, Baba," nikasema.

"Haya. Tushuke kabla ya mvua."

Mvua ilitukuta. Tulirudi Glasgow tumeloa, na njia nzima alinishika kiuno bila kuachia, na kwenye kila kona alilala nami barabara kama aliyezoea miaka. Aliyekwisha kuamua kuniondolea mke alikuwa nyuma yangu, shavu la helmeti yake limenigusa bega, na maisha yake yamo mikononi mwangu. Niliendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha. Sikuweza kumgeukia wala kumjibu. Mlangoni kwa sahibu yake alishuka akanipigapiga mgongoni. "Unaendesha vizuri," akasema, na alikuwa anasema kweli.

Kesho yake yeye alipanda basi la asubuhi kurudi London, mimi nikaifuata barabara kuu ya kusini. Jambo hili ndilo ninalolifikiria zaidi kuliko maneno ya mlimani. Pikipiki ni nyepesi kuliko basi. Karibu na mpaka wa Skotlandi nilikuwa nimeshalipita, nikamwona dirishani amelala, kofia imeinama. Ningeendelea, ningefika nyumbani mapema sana kabla yake. Ningemkuta mke wangu peke yake. Ningekuwa na muda wa kukaa naye mezani na kumwambia, kabla hajaambiwa na mtu, chochote nilichokuwa nacho.

Niliingia kwenye kituo cha mapumziko, nikanunua chai, nikakaa kwenye kiti cha nje kinachotazama barabara. Nilijiambia kwamba neno la mzee lazima litangulie, si adabu kumpiku mkwe kwa mtoto wake mwenyewe. Chai ikapoa. Basi likapita, nikaliona rangi yake. Hata hapo ningeweza kulipata. Nikanunua chai nyingine.

Leo mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye siku ile. Yeye ameshatangulia mbele ya haki. Binti yake aliolewa tena huko kwao, na watu waliomwona wanasema anacheka. Pikipiki niliiuza baadaye, goti liliponikatalia, si kwa ajili ya mtu. Nimekutana na wanaume wengi waliofanya makosa makubwa kuliko kunywa chai mara mbili kando ya barabara, lakini langu mimi ndilo hilo, na sina wa kumtupia.

Nilipofika nyumbani viatu vya mzee vilikuwa mlangoni. Alikuwa ameshakula. Aliponiona akainuka, akavaa koti.

"Nakwenda kunyoosha miguu," akasema.

"Baba, utapotea," mke wangu akamwambia. "Nyumba za huku zote sura moja."

"Nitauliza. Kiingereza changu kimeshajaribiwa na Waskoti."

Alikuwa hajatoka peke yake hata mara moja tangu aje. Nikajua anatuachia nafasi. Tulisikiliza hatua zake mpaka lango la nje likafungwa.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono imelowa. Aliifuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Baba kasema," akasema.

"Ameniambia."

"Na wewe?"

"Baba ameshaamua. Mimi nani nivuke neno lake?"

"Mimi ndiye niliyemwita Baba." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ile ya siku ya mlangoni. "Nikimwambia arudi peke yake, atarudi peke yake. Hatanuna. Ameniambia hivyo mwenyewe, hapa, kabla hujafika. Sasa nakuuliza wewe. Huna neno?"

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga wiki nzima, yakiwa mazuri, yana aya na yana mithali, lakini yote niliyapanga kwa ajili ya mzee, na nilipoyatafuta yaliyo ya mke wangu sikukuta hata moja. Nilimwona amechoka. Nilimwona nywele zake za mbele zimeanza mvi, na sikujua zimeanza lini. Nilitaka kumwambia abaki. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni hiki:

"Si vizuri kumvunjia mzee heshima."

Alicheka kidogo, bila sauti, pumzi tu puani. Akakitundika kitambaa mahali pake.

"Basi nishushie sanduku," akasema. "Sifiki."

Lilikuwa juu ya kabati la chumbani. Nikavuta kiti, nikapanda, nikalishika kwa mikono miwili. Lilikuwa na vumbi. Nikalipangusa kwa mkono wa shati langu, juu, pembeni, kwenye pembe zote, mpaka kwenye kufuli, na yeye amesimama chini anangoja. Nikamwuliza kama moja litamtosha au nimteremshie na jingine.

"Moja litatosha," akasema, akanyoosha mikono akalipokea.